Bi Kimya na Gari la Mikate

Waliomwita Bi Kimya hawakumpa jina hilo kwa ajili ya upole. Mdomo alikuwa nao, tena si haba. Akianza kusema na nyaya zake chini ya dashibodi, aliyesimama nje ya gari angedhani mle ndani wamo watu wawili na wanagombana. Jina lilitokana na kazi. Gari lililoingia kwake likipiga mluzi kwenye spika lilitoka safi, ukasikia wimbo kama ulivyoimbwa, na wimbo ukikatika husikii kitu. Madereva wakaanza kuelekezana: nenda kwa yule mama wa kimya. Mama wa kimya akawa Bi Kimya, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Duka la redio za magari alimofanyia kazi halikuwa lake. Lilikuwa la mumewe, bwana mrefu, mtanashati, shati limenyooka hata siku za vumbi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe kwa mzaha siku alipofungua duka, na kwa kuwa hakuna aliyecheka, kikamganda.

Kabla ya kuolewa, Bi Kimya alikuwa akishona viti vya magari katika chumba cha jirani. Ukuta ulikuwa mwembamba. Mchana kutwa alimsikia bwana yule akisifu redio zake kwa wateja, anaapa, anacheka, anashusha sauti kama anayetoa siri, na yeye huku anacheka peke yake juu ya cherehani. Siku moja jirani hakuja kazini, akajishangaa anamngoja. Mapenzi mengine huingia kwa macho. Yale yaliingia kupitia ukutani. Walioana, wakazaa binti mmoja, na kile chumba cha viti kikaunganishwa na duka.

Mwanzoni mumewe alimwita amsaidie kung'oa viti tu. Mikono ya mshonaji inajua kufunua zulia la gari na kulirudisha bila mtu kujua liliguswa, na nyaya za redio hupita chini ya zulia. Halafu akaanza kuuliza. Huu unakwenda wapi? Kwa nini huu mnene na ule mwembamba? Mkurugenzi alijibu maswali ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa kifupi, na ya tatu akasema, "Mke wangu, wewe funua zulia." Basi majibu mengine akayatafuta kwa masikio yake.

Kila aliyewahi kufungiwa redio isiyokuja na gari lake anaujua ule mluzi. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Hutoka kwenye altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ukapenya hadi kwenye spika kwa mlango ambao fundi ameuacha wazi. Bi Kimya aliutafuta mlango huo bila papara. Alishusha sauti ya redio hadi mwisho. Mluzi ukizimika pamoja na wimbo, kosa liko kwenye redio au kabla yake. Ukibaki unalia peke yake, umeingilia njiani, baada ya redio. Kisha alichomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti kinachofungwa nyuma ya gari, akasikiliza tena. Mara nyingi alikuta yale yale. Waya wa hasi umekazwa kwenye skrubu yenye rangi, na rangi haipitishi umeme. Hapo alikwangua kwa msasa hadi bati ling'ae, akaukaza upya. Au waya mnene wa betri umelazwa ubavuni mwa ule mwembamba wa sauti, toka mbele hadi nyuma ya gari.

"Waya wa betri na waya wa sauti," aliwaambia wateja, "ni kama mlevi na mtoto mchanga. Wote wa nyumba moja, lakini huwalazi kitanda kimoja."

Wateja walicheka, wakalipa kwa Mkurugenzi, wakaondoka. Na aliyewalaza kitanda kimoja mara nyingi alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Yeye alifunga redio upesi upesi, kwani mteja anayesubiri huanza kufikiri, na mteja anayefikiri hununua kidogo. Gari likirudi na mluzi hakuona haya hata chembe. "Peleka kwa mama pale nyuma," alisema, kama kwamba mluzi ni homa ambayo gari limeipata huko huko barabarani.

Bi Kimya hakuchukia. Aliona kila ndoa ina mmoja anayemwaga na mmoja anayepangusa.

Asubuhi moja akaingia mwalimu wa udereva, mteja wa siku nyingi, na kigari chake chenye maandishi ya kuwaonya watu kwamba anayeendesha bado anajifunza.

"Leo umekuja bila wanafunzi, mwalimu? Barabara imepumzika."

"Usinicheke, Bi Kimya. Redio yangu inapiga mluzi. Mwanzoni niliona ni neema, nikawafundisha vijana: mluzi ukifika juu, badilisha gia. Sasa kuna mmoja amekwenda kufanya mtihani kwenye gari lisilo na mluzi. Ameenda na gia ya kwanza mpaka mwisho, anangoja kusikia!"

Bi Kimya alicheka hadi akaweka bisibisi chini. Kwenye amplifaya alikuta skrubu yenye rangi, kama alivyotarajia, akaikwangua. Mluzi ukapungua lakini haukwisha. Akaamua kuufuata ule waya mnene toka nyuma, chini ya zulia, hadi ulikotoka, akafungua boneti. Hapo kicheko kikamkauka.

Waya wa betri hauna budi kuwa na fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukiguswa na bati, fyuzi ikatike kabla moto haujawaka. Huu haukuwa na fyuzi yoyote. Ulitoka kwenye betri mtupu, ukapenya ukuta wa injini kupitia tundu lililotobolewa kwa drili, na tundu lenyewe halikuvishwa kipira. Bati lilikuwa na makali. Kila gari lilipotikisika, lilikuwa likiukwangua waya ngozi, na sasa shaba ilikuwa inachungulia.

Tepu nyeusi iliyofunga maungio ilikuwa imekunjwa ncha yake pembeni, kwa unadhifu, ili siku ya kuibandua usihangaike kutafuta mwanzo. Mkunjo ule aliufahamu. Mtu mmoja tu alikunja tepu hivyo, na alilala naye.

Alimwekea mwalimu fyuzi, akavisha tundu kipira, akahamisha waya wa sauti upande wa pili wa gari, na mluzi ukafa. Alimwambia amemwongezea kifaa kidogo cha usalama. Mwalimu akashukuru, akaenda zake. Mchana, duka lilipotulia, alimfuata mumewe kwenye kaunta.

"Baba, gari la mwalimu ulilifunga wewe?"

"Nani mwingine?"

"Halikuwa na fyuzi kwenye betri."

Mkurugenzi alikuwa anapangusa kioo cha kabati. Hakuacha kupangusa. "Fyuzi ipo kwenye amplifaya."

"Ile inalinda amplifaya. Waya wote huu, kutoka betri hadi nyuma, unalindwa na nani?"

"Na Mungu," akasema, akacheka. Alipoona mwenzake hacheki akaweka kitambaa chini. "Sikiliza, mke wangu. Zile fyuzi za betri zilikuwa zimeadimika. Nifanyeje, nifunge duka? Magari yanatembea, watu wanasikiliza muziki. Nani amelalamika?"

"Mangapi yako hivyo?"

"Sijui."

"Tuwaite warudi. Tuseme tunakagua, bure."

"Nikiwaita nitawaambia nini? Kwamba Mkurugenzi alikosea? Kesho wote wako kwa mshindani." Akashusha sauti, ile ile aliyokuwa akiitumia kwa wateja, iliyopita ukutani zamani ikamwingia moyoni. "Wewe shughulika na mluzi. Wanaorudi na mluzi, watie fyuzi, sikukatazi. Lakini kimya kimya."

Akafanya hivyo. Kila gari lililoletwa kwa mluzi alilifungua boneti kwanza, na mengi aliyakuta vile vile. Lakini kadiri alivyotia fyuzi ndivyo alivyozidi kukosa raha, kwa kuwa alianza kuona hesabu ilivyokaa. Gari linalolia hurudi kwa fundi. Lisilolia halirudi. Huko mitaani yalikuwa yanatembea magari yenye muziki mzuri kabisa, na ukuta wa injini unakula waya taratibu, na mwenye gari anaimba.

Tena liko moja ambalo kilio chake alikizima yeye mwenyewe.

Lilikuwa gari la mikate. Muoka mikate alikuwa bwana mnene mwenye mikono mikubwa iliyojaa alama ndogo za tanuri. Alilileta siku moja yenye foleni hadi barabarani. Mluzi wake ulikuwa mwepesi: waya wa hasi nyuma ulikuwa umelegea. Bi Kimya aliukwangua na kuukaza, mluzi ukaisha, akamwambia endesha. Boneti hakuifungua. Wakati ule, kabla ya gari la mwalimu, hakuwa na sababu ya kuifungua. Sasa usiku na mchana alikuwa anaona tundu lile kwa macho ya akili.

Namba za wateja zote zilikuwa kwenye simu ya Mkurugenzi. Akamwendea.

"Mpigie muoka mikate. Aje tumwangalie gari."

"Nitampigia."

Kesho yake akauliza tena.

"Nimempigia," akasema Mkurugenzi. "Ana oda nyingi. Atakuja wiki ijayo. Tena amekusalimu."

Ile salamu ndiyo iliyomtuliza. Duka la mikate halikuwa mbali, ni mwendo wa mtu kwenda na kurudi kabla chai haijapoa, na jioni ile alikuwa amepanga kwenda mwenyewe. Hakwenda. Mtu ameshapigiwa, ameshaitikia, na amesalimu. Umfuate nyumbani kwake kumwambia nini?

Gari liliwaka asubuhi, katika zamu ya kugawa mikate madukani. Moshi ulianza chini ya dashibodi. Muoka mikate alisimamisha gari, akafungua boneti, akauona waya umegeuka mwekundu kama kaa la moto, na kwa kuwa mtu mwenye gari lake hawazi mara mbili, akaushika kwa mikono miwili ili aung'oe. Joto la tanuri alilizoea. Lile hulihisi usoni kabla halijakufika. Hili lilimshika viganja na halikumwachia upesi. Watu walimvuta. Gari likaungua lote na shehena yake, na waliokuwa mitaa ya mbali, wasiojua kitu, walisema, leo kuna mkate mzuri unaokwa.

Bi Kimya alipata habari akiwa chini ya kiti cha gari la mtu. Alitoka, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashindwa kusema. Mara ya kwanza jina lake likamfaa.

Baada ya majuma kadhaa, watu walikutana dukani kuzungumza. Muoka mikate alikuja na kaka yake, mtu wa maneno machache, na mwenyekiti wa mafundi wa mtaa akaja kuamua. Viti vililetwa. Muoka mikate alikuwa amefungwa bendeji hadi kwenye vifundo, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya kuazima. Bi Kimya alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

Kaka mtu alianza. "Redio ilifungwa hapa. Tunataka kujua nani alifunga nini."

Mkurugenzi alikuwa amejiandaa. Alitoa pole ndefu, nzuri, hata mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasema, "Mimi redio niliifunga zamani, na gari likatembea salama. Sipendi kusema, lakini ukweli lazima usemwe. Gari lilirudi hapa baadaye, likafunguliwa nyaya. Aliyeligusa mwisho ni mke wangu."

Neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilipenya. Bi Kimya alitafuta pa kulishika alikanushe, asipaone. Alilishika kweli gari lile, na mwisho alikuwa yeye.

"Niligusa waya wa hasi, nyuma," akasema. "Ulioungua ni wa mbele. Waya wa betri haukuwa na fyuzi, na mume wangu anajua, nilimwambia. Ndipo akakupigia simu uje, ukasema una oda nyingi."

Muoka mikate aliinua uso. "Nani alinipigia?"

"Mkurugenzi. Ukanisalimu."

"Sikupigiwa na mtu, mama. Simu ipi?"

Watu wote walikaa wakitazama chini, kila mmoja na kipande chake cha sakafu. Bi Kimya alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama kabati la redio, pale palipo na alama ya vidole kwenye kioo. Kwa muda aliamini kwamba mambo yamekwisha. Kwamba neno limeshaanguka katikati ya watu na kila mtu ameliona.

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, haya ya nani alipiga simu na nani hakupiga ni ya ndani. Ya chumbani mkayamalize chumbani. Usimvunjie mumeo heshima mbele za watu."

"Siongelei heshima, mwenyekiti. Naongelea mikono ya mtu huyu."

"Na sisi hiyo ndiyo tunayoongelea. Wewe umekiri uligusa. Basi." Akamgeukia Mkurugenzi. "Utagharamia matibabu?"

"Nitagharamia. Mimi ni mtu wa watu."

"Na mama apumzike kugusa magari ya wateja."

Muoka mikate alitazama bendeji zake. Kaka yake alimsaidia kusimama, akamshika begani, wakaondoka.

Siku zile nyumbani alikuwapo mama mkwe, kikongwe mwenye macho makali na masikio makali zaidi. Bi Kimya alipokuwa anafunga mizigo, bibi aliingia, akaketi kitandani juu ya nguo zilizokunjwa ili zisiweze kufungwa.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa dada yangu, mama."

"Kwa sababu amesema uongo?"

"Unajua kwamba ni uongo?"

"Nimemzaa mimi. Akiwa mdogo alivunja mtungi akasema umevunjwa na paka, na paka hatukuwa naye." Akamshika mkono, akaupapasa vidole vyenye makovu ya nyaya. "Najua ni mwongo. Lakini uzee wangu unakula kwake. Siwezi kukusimamia, mwanangu. Nikikusimamia, mimi nitakaa wapi?"

Bi Kimya alimwinua taratibu, akatoa nguo alizokuwa amezikalia, akafunga mzigo. Bibi alimsindikiza hadi mlangoni, akalia machozi ya kweli, kisha akarudi ndani kumwandalia mwanawe chakula.

Binti yao alikuwa masomoni mji mwingine. Alipiga simu siku iliyofuata. "Mama, baba ananiambia umekasirika ukaondoka. Si ungemsamehe tu? Ameumia sana, anahangaika na gharama za yule baba wa mikate." Bi Kimya akauliza masomo yanaendaje, na kama anakula vizuri.

Kwa dada yake alirudi kwenye cherehani. Ilikuwa karakana ya viti, yenye pamba ya godoro kila kona na gundi inayowasha pua. Kushona hakumshinda; miaka haikuwa imemla mikono. Kilichomshinda ni magari yaliyopita barabarani. Likipita moja lenye mluzi, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani wenyewe, akasikiliza: hilo ni waya wa hasi, hilo ni nyaya zimelala pamoja. Lililopita na muziki safi ndilo lililomtia baridi zaidi.

Duka la Mkurugenzi lilistawi. Msikubali mtu awaambie uongo hudumaza, wengine unawanenepesha. Kwa kumgharamia mgonjwa hadharani alipata sifa kuliko aliyowahi kupata kwa kuuza redio, na watu walisema, mkewe alimharibia lakini yeye alibeba msalaba. Aliajiri fundi wa kiume kuchukua nafasi ya mke. Fundi huyo hakuweza kuua mluzi. Alifunika kwa kuongeza sauti.

Mwalimu wa udereva peke yake ndiye aliyemfuata. Alikuja na kigari chake kushonewa kiti cha dereva kilichochanwa na funguo za wanafunzi, akakaa akimtazama anavyofanya kazi.

"Niliwaambia watu," akasema. "Nilisema kwamba kile kifaa chako cha usalama ni fyuzi, kwamba gari langu nalo halikuwa nayo, ukanitilia wewe. Wakaniuliza, ulimwona akitia? Nikasema hapana, nilikuwa nje nakunywa maji. Wakasema, basi."

"Asante, mwalimu. Ulisema."

"Halikusaidia."

"Halikusaidia. Lakini ulisema."

Ilimchukua Bi Kimya muda mrefu kupata ujasiri wa kwenda kwenye duka la mikate. Alikuwa anajiambia kwamba mtu yule anaamini aliunguzwa na mwanamke mzembe, na kwamba haki yake, hata kama hana haki nyingine, ni kuujua ukweli. Alikwenda mchana, wakati wa wateja wachache. Mkewe muoka mikate alikuwa nyuma anakanda unga, mabega yanapanda na kushuka. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kaunta. Bendeji hazikuwapo tena. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjamana na kushikana, na mkate alikuwa anausukuma kwa upande wa kiganja kama mtu anayefukuza kuku.

"Karibu, mama. Wa maziwa au wa kawaida?"

"Sikuja kununua, baba. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

Akamweleza yote. Fyuzi, tundu, gari la mwalimu, maneno ya kaunta, simu iliyosemwa imepigwa. Alieleza polepole, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakukatizwa na mtu. Alipomaliza, alisikia kule nyuma unga umeacha kukandwa.

Muoka mikate alikuwa anautazama mkono wake.

"Mama," akasema, "mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile ile. Ulipotaja simu, nikamwona alivyotazama kabati. Mtoto mdogo angejua." Akanyanyua macho, hayakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Kaka yangu akaninong'oneza tunyamaze. Akasema, mwenye duka nani? Nani ataweza kukulipia hospitali, yule mama au yule bwana? Ningesema wewe huna kosa, ningebaki na ukweli na vidonda. Wewe ungenitibu kwa fedha gani?"

Bi Kimya aliutazama mkono ule.

"Sikukuchukia," akasema yule bwana. "Sikukuchukia hata siku moja. Nilikuwa na mikono miwili na watoto wa kulisha. Unisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa."

Mkewe akatoka nyuma, unga umemfika viwikoni. Alichukua mkate wa moto kwenye trei, akaufunga kwenye karatasi, akaupenyeza chini ya mkono wa Bi Kimya kwa namna ambayo kuukataa kungekuwa kuutupa sakafuni.

Alitembea nao hadi nje ya mtaa ule. Alikuwa amedhani amekwenda kumpa mtu ukweli, kumbe ukweli ulikuwa umeshafika zamani kwa kila mtu: kwa mumewe, kwa mama mkwe, kwa mwenyekiti, kwa mtu mwenye mikono iliyoungua. Hakukuwa na mmoja aliyekosa kuujua. Walikuwa wameupima tu, kila mmoja kwa mizani yake, wakaona haufiki bei ya kinachotakiwa, wakaurudisha kwake aubebe.

Njaa ilikuwa inamuuma. Alikaa kwenye ngazi za jengo lililofungwa, akafungua karatasi, akala. Ulikuwa mkate mzuri sana. Alitamani uwe mbaya.